Laxton: kijiji kinachokagua mipaka yake kila Novemba

Mpima ardhi yeyote aliyekaa kazini Tanzania atakwambia kwamba bikoni, zile nguzo za kuonyesha mpaka, zina miguu. Unaisimika leo kwa zege na nondo, unachukua kodineti zake, unaweka sahihi kwenye ramani. Ukirudi baada ya msimu mmoja unaikuta imehamia upande wa pili wa mgomba, na kijiji kizima hakuna aliyeona kitu. Na migogoro mibaya kuliko yote niliyowahi kuitwa kusuluhisha, huko Hai na Siha mkoani Kilimanjaro, haikuwa ya watu wasio na hati. Ilikuwa ya watu waliokuja kikaoni na hati zimelaminishwa vizuri, kila mmoja na ya kwake.

Nilipokwenda Nottingham kusoma sikutegemea kupata jipya juu ya jambo hilo kutoka kwa wakulima wa Kiingereza. Nilijua huko mambo ya mipaka yalishakwisha: kila mtu ana uzio wake na wakili wake. Mwalimu wangu mmoja ndiye aliyenishtua. Tulikuwa tunazungumzia mabaraza ya ardhi ya vijiji, yale ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, nami nikawa naeleza jinsi yanavyohangaika. Akaniambia kama nataka kuona baraza la kijiji linalofanya kazi bila kuhangaika, nisisubiri tiketi ya ndege. Nipande basi niende Laxton.

Kwa basi ni safari ya kuchosha, na baadaye nikawa naomba lifti. Laxton iko kati ya Ollerton na Tuxford, si mbali na mji wa Newark, katika kaunti hiyo hiyo ya Nottinghamshire. Ni kijiji kidogo cha watu mia chache. Kina kanisa, baa moja inayoitwa Dovecote Inn, kilima cha ngome ya kale, na barabara moja kuu yenye nyumba za matofali mekundu. Duka sikuliona. Ukipita kwa gari bila kuambiwa kitu utasema ni kijiji kama vijiji vingine, kizuri kiasi, kimya kiasi, na hutasimama.

Ila mtu wa ardhi ataona jambo lisilo la kawaida kabla hajazima injini. Nyumba za wakulima zimepangwa kando ya barabara, ubavu kwa ubavu, nyingi zikiwa zimeigeuzia barabara upande wake mwembamba, huku ghala na mabanda vikijipanga nyuma. Sehemu kubwa ya Uingereza si hivyo. Kwingine mkulima anaishi katikati ya mashamba yake, peke yake, na jirani yuko mbali hata mbwa wake humsikii. Laxton wakulima wamebanana kijijini kama sisi, na mashamba yako nje. Nilipouliza sababu nikajibiwa kwa swali: sasa mtu ajenge kwenye shamba gani, wakati vipande vyake vimetawanyika pande zote tatu za kijiji?

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Laxton ina mashamba makubwa matatu yasiyo na uzio ndani yake: West Field, Mill Field na South Field. Ukijumlisha ni ekari 480 hivi. Kila shamba limegawanywa vipande virefu, na kila mkulima ana vipande vyake hapa na pale katika yote matatu. Mwaka huu shamba moja linapandwa ngano inayokaa ardhini majira yote ya baridi. La pili linapandwa mazao ya machipuko, kama shayiri au maharage. La tatu linapumzishwa, ingawa siku hizi mara nyingi hupandwa majani ya mifugo. Mwaka unaofuata yote yanasogea hatua moja. Hakuna mtu anayeweza kuamka na kusema mimi kipande changu cha South Field mwaka huu naweka ngano, wakati zamu ya South Field ni kupumzika.

Mwenzangu wa Tanzania akisikia hivyo anakimbilia kusema, kumbe ni Ujamaa. Hapana. Kwenye shamba la Ujamaa tulilima pamoja na kuvuna pamoja, na wengine walikuja kuvuna tu. Laxton kila mtu analima chake na anavuna chake, na hasara ni yake. Kinachofanana nacho kwetu ni yale mashamba ya bega kwa bega ya miaka ya 1970, ambapo kila kaya ilikuwa na kipande chake ndani ya shamba moja kubwa lenye zao moja. Tofauti ni kwamba yetu yaliamriwa kutoka juu, yakadumu misimu michache. Haya yana karne nyingi, na sheria zake zinasimamiwa na walewale wanaoyalima.

Kwa nini vipande vitawanyike? Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, unaoshika buti usiku na mchana, lakini si sawa kila mahali. Kuna mteremko unaokauka mapema na bonde linalotuama maji hadi Aprili. Kwa utaratibu huu kila mtu anapata pazuri kidogo na pabaya kidogo. Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji maelezo marefu hapo. Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, juu mlimani hutafuta na shamba la mahindi kule chini tambarare, kwa sababu mvua ikigoma huku huenda ikanyesha kule.

Na kwa nini zao liwe moja shamba zima? Kwa sababu ya mifugo. Zamani, mavuno yakishaondolewa, shamba lilifunguliwa na wanyama wa kijiji kizima waliingia kula mabua. Mmoja angechelewa na maharage yake, ng'ombe wa jirani wangemmalizia, na yeye angekuwa na haki ya kulia lakini si ya kulipwa. Mnyama aliyeingia shambani kabla ya wakati alikamatwa na kufungiwa kwenye boma dogo la kijiji mpaka mwenyewe alipe. Boma hilo lipo hadi leo. Niliingia ndani nikasimama. Linatosha ng'ombe wachache na mwenye hasira mmoja.

Umbo la vipande lenyewe lilinifurahisha kama mtu wa fani. Kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70, mraba, na kila mkulima anaijua hata kama hajawahi kushika futi kamba. Ekari ya Kiingereza ilizaliwa ndefu na nyembamba, yadi 220 kwa 22, kwa sababu iliyotangulia kipimo ni ng'ombe. Plau ya mbao ikivutwa na ng'ombe wengi ni taabu kuigeuza, kwa hiyo unakwenda mbele mpaka wanyama wahitaji kupumua, ndipo unageuza. Kazi ya siku moja ndiyo ekari. Zizidishe hizo yadi utapata 4,840; yetu ya 70 kwa 70 ni 4,900. Tumekuwa tukipima ardhi yetu kwa pumzi za ng'ombe wa Ulaya, na hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kunieleza.

Ushahidi wa zamani upo kwa wingi. Kitabu cha mfalme cha mwaka 1086, kile cha kuorodhesha nani ana nini baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, kinaitaja Laxton: ilikuwa ya mtu aitwaye Toki, ikapewa Geoffrey Alselin. Baadaye ikajengwa ngome ya udongo na mbao kaskazini mwa kijiji, na kutoka hapo msitu wa mfalme wa Sherwood ulisimamiwa. Kilima chake bado kimesimama na kondoo wanakipanda. Kanisani kuna makaburi ya ukoo wa Everingham, mabwana wa kijiji enzi hizo, na sanamu moja ya mwanamke iliyochongwa kwa mti. Kanisa lenyewe lilibomolewa sehemu na kujengwa upya, likiwa dogo zaidi, kati ya 1859 na 1860.

Kwangu mimi hazina ya Laxton ni ramani ya mwaka 1635. Mwenye kijiji wakati huo alikuwa Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, yule yule ambaye meli zake zilipeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Alitaka kujua amenunua nini, akamwajiri mpima ardhi aitwaye Mark Pierce. Pierce akapima kila kipande cha kila mtu, akaandika majina yao na ukubwa wa vipande, akachora. Ramani ya asili imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Nakala yake niliikodolea macho mpaka aliyekuwa nami akachoka. Hakuishia kwenye mistari: amechora watu wanalima na plau, wanavuna, wanawinda paa. Ofisi yetu ingemrudishia kazi ile na kumwambia aondoe michoro. Lakini kwa sababu ya michoro hiyo unajua jinsi mashamba yalivyolimwa, na vipande alivyopima vinakwambia yalikuwa ya nani.

Nilitegemea kuambiwa kwamba kijiji kimedumu kwa sababu ya ramani hiyo. Niliyemuuliza, mkulima aliyezaliwa hapo, alicheka. Ramani, alisema, iko Oxford, nao hawajawahi kwenda Oxford kumaliza ugomvi.

Alinialika nije Novemba.

Mwishoni mwa mwezi huo, ngano ikiwa imeota urefu wa kidole, wazee wa baraza wa Laxton huenda kukagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Nawaita wazee wa baraza kwa kuwa ndilo jina tulilozoea kuwapa mahakamani kwetu wale waliokaa na hakimu, ingawa hapa wengine ni vijana. Wanakuwa kumi na wawili pamoja na mwenyekiti wao, wote ni wakulima au watu wenye haki kijijini, na wanaapishwa rasmi. Tulikutana asubuhi, baridi ya kuumiza masikio, kila mtu na gambuti zake. Wengine walipanda trela la trekta, lenye rundo la vigingi vipya vya mbao vilivyochongwa ncha.

Kazi yao ni rahisi kuieleza. Wanapita mwisho wa kila kipande, pale kinapokutana na njia ya majani au na kipande cha jirani, wanaangalia kama aliyelima amevuka. Wanatafuta kigingi cha zamani. Kikiwa kimeoza au kimeng'olewa na plau, wanasimama wawili watatu wanaangalia mstari mpaka upande wa pili, wanabishana, wanakubaliana, na mmoja anapiga kigingi kipya kwa nyundo nzito. Hakuna aliyetoa simu kutazama setilaiti. Mimi nilikuwa na kifaa mfukoni chenye uwezo wa kusoma mahali kwa usahihi wa kuridhisha, nikaona aibu kukitoa.

Mahali pamoja mstari wa ngano ulikuwa umejikunja. Mkulima, au aliyemwendeshea trekta, alipogeuza alikula njia ya majani kiasi cha upana wa buti mbili. Buti mbili tu! Kwetu pasingeitwa hata mgogoro. Mwenyekiti akainama, akaweka buti yake kwenye tifutifu pale, halafu nyingine mbele yake, akasimama. Akaandika. Mhusika alikuwepo, tena ni mmoja wa wazee wa baraza wenyewe, amekunja mikono. Wenzake wakaanza kumtania juu ya macho yake na usukani wake. Naye akajitetea kwamba mvua ilikuwa inanyesha na udongo ulikuwa unateleza. Wakamwambia mvua ilinyesha kwa wote. Basi, ikaisha, tukasogea kigingi kinachofuata.

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira, na nimeshaona hasira za mipaka, nazijua. Alikuwa kama mtu aliyefungwa bao na timu ya mtaa wa pili.

Mitaro nayo ilikaguliwa. Aliyeacha mtaro wake ukaziba aliandikwa, na aliyetupa mawe kwenye njia ya wote aliandikwa pia. Mchana sote tukaingia Dovecote Inn kula, tope mpaka magotini, na ubishi wa shambani ukaendelea juu ya sahani. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya chakula kile. Asubuhi kila mmoja alikuwa anatazama mguu wa mwenzake umekanyaga wapi. Wangetawanyika pale pale shambani, kila mtu angekwenda na neno lake nyumbani akalipike usiku kucha.

Wiki moja baadaye inakaa mahakama yenyewe, Court Leet, katika baa hiyo hiyo. Kuna msimamizi mwenye ujuzi wa sheria anayemwakilisha mwenye kijiji. Majina yanasomwa. Mwenye wajibu wa kuhudhuria asipofika analipa peni chache. Wazee wa baraza wanatoa taarifa ya waliyoyaona, faini zinatangazwa, na wazee wa mwaka ujao wanaapishwa: hao ndio watakaokagua shamba linalofuata. Faini ni ndogo, pauni chache kwa kosa la kawaida. Ila zinasomwa kwa jina, mbele ya watu watakaokutana nawe kesho barabarani, na kesho kutwa, na siku ya mazishi ya mama yako.

Msidhani ni maigizo ya kuwafurahisha watalii. Mahakama za namna hii zilikuwa kila mahali Uingereza, zikafifia. Mwaka 1977 Bunge lilipotunga sheria ya kuziondolea mamlaka ya kuhukumu, Laxton iliachwa na mamlaka yake. Anayeona ameonewa na baraza lile ana mahakama halali ya kumsikiliza, ingawa iko ndani ya baa.

Na Uingereza nyingine je? Hapa historia inageuka chungu, na ningependa wanaopenda kusema "Wazungu wamepiga hatua kwa sababu ya hati miliki" waisome polepole. Mashamba ya wazi kama haya yalitapakaa katikati ya nchi. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuyafunga, moja moja, kijiji kwa kijiji, zikagusa ekari milioni 6.8. Vipande vilikusanywa, vikapigwa uzio, na malisho ya wote yakapata wenyewe. Mwenye ardhi kubwa alifaidika: alilima atakavyo, akabadilisha mazao, kodi ikapanda. Mwenye ng'ombe mmoja aliyetegemea majani ya kijiji alibaki na kamba ya ng'ombe. Wengi waliishia vibarua, au kwenye viwanda vya miji kama Nottingham. Waliofanya kazi ya kupima ili kufunga walikuwa watu wa fani yangu, na walifanya kazi nzuri sana.

Laxton iliponea wapi? Ningependa kuandika kwamba wanakijiji walikataa kwa umoja wao. Sivyo ilivyokuwa. Ardhi ilikuwa na wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na wakubwa hao hawakuelewana namna ya kubadilishana vipande ili kila mmoja afunge vyake. Ugomvi wa mafahali wawili, kwa mara moja, haukuumiza nyasi. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 mashamba ya wazi yaliyobaki yalionekana kioja. Vipande vikapunguzwa idadi na kupanuliwa ili viwezekane kulimwa kwa mashine, lakini mfumo haukufutwa. Mwaka 1952 Earl Manvers akauza kijiji kwa Wizara ya Kilimo, kwa nia kwamba serikali iulinde. Mwaka 1981 kikaenda kwa shirika linalosimamia mali za Taji, na mwaka 2020 kikanunuliwa na Thoresby Estate, yaani mali ya ukoo ule ule wa Manvers. Kimezunguka, kimerudi.

Ukisoma hapo vizuri utaona jambo ambalo mwenyeji wangu hakunificha. Wakulima wa Laxton ni wapangaji. Wanatawala mpaka, mtaro, mzunguko wa mazao na siku ya kukata majani, lakini ardhi si yao. Umwinyi umelainika, umevaa suti, unatuma barua pepe, bado upo. Mwenye kijiji akibadilika, kijiji kizima kinashika pumzi. Mtu akiniambia tuige Laxton huwa namuuliza, tuige kipi: baraza au mwinyi? Sisi katika vijiji vyetu mwanakijiji ana haki ya kimila isiyotegemea barua ya mtu wa mjini. Hiyo ningeishika kwa mikono miwili.

Maisha ya sasa nayo si ya kwenye kalenda. Ekari 480 wakigawana wakulima wote haziwezi kumlisha hata mmoja vizuri, kwa hiyo kila mkulima ana mashamba mengine yenye uzio nje ya yale matatu, na humo ndimo anamopata riziki. Vipande vya wazi ni wajibu unaokuja na upangaji. Kombaini ya leo ni pana, na kuigeuza mwisho wa kipande ni kazi ya kutukana. Vijana waliokulia hapo hawapati shamba wala nyumba, maana nyumba za kijijini zinanunuliwa na wafanyakazi wa mijini wanaopenda utulivu na wanaondoka na magari yao alfajiri. Wakati wa mlo wa Novemba nilisikia mzee akihesabu majina ya wakulima aliowakuta alipoanza, na akahesabu waliopo. Hakusema kitu, akaomba chumvi.

Kuna faida moja isiyopangwa na mtu. Sehemu zenye mwinuko mkali au unyevu ndani ya mashamba makubwa hazikuwahi kulimwa. Ni majani tu, na ni ya wote. Kiangazi majani hayo yanapigwa mnada mbele ya watu, anayeshinda anakata, anakausha kwa ajili ya mifugo yake. Kwa kuwa hazijaguswa na plau tangu zamani, zimejaa maua ya porini yaliyokwisha kwingineko, na leo zinalindwa kisheria kwa thamani yake ya kisayansi. Nilishuhudia watu wawili wakipandishiana bei ya majani kwa kukonyezana tu.

Pembezoni mwa kijiji kuna jengo ambalo mgeni halitegemei kabisa: kituo cha taifa cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi. Kilifunguliwa mwaka 1995 na familia ya Smith, Wakristo wa hapo Nottinghamshire, kwenye nyumba iliyokuwa ya mkulima. Bustani yake ina mawaridi meupe, na mahali pa kurundika mawe kwa ajili ya watoto waliouawa, milioni moja na nusu. Nilikwenda kwa kuwa mvua ilininyeshea na hapo palikuwa na paa. Ndani nikakuta Rwanda. Ndugu wawili wa familia hiyo, Stephen na James, walianzisha shirika la Aegis Trust mwaka 2000, na shirika hilo ndilo lililoshirikiana na Jiji la Kigali kuandaa makumbusho ya Gisozi, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Nimesimama Gisozi. Sikujua kwamba njia ya kufika pale ilipitia barabara ya mashambani Laxton, kijiji ambacho Waingereza wengi hawawezi kukuonyesha kwenye ramani.

Niliporudi nyumbani, tukapewa kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi katika vijiji kadhaa vya tambarare. Nikapendekeza kwamba pamoja na bikoni na hati za kimila, kila kijiji kiweke siku moja kwa mwaka ambapo wazee na vijana wanapita mipaka yote kwa miguu, mwenye kosa anaandikwa palepale, na mwisho mnakula. Mkoani kwetu si jambo geni hata hivyo. Tulipanda mimea ya masale mpakani, na mtu aliyeng'oa isale alijua amegusa nini, kwa sababu walioliona likipandwa bado walikuwa hai. Tatizo ni kwamba waliopanda wamekufa na hakuna aliyewapitisha wajukuu pale.

Mwenzangu wa ofisini alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Kaka, sawa. Na posho je?"

Nikamwambia Laxton hawapati posho, wanapata chakula na tope.

"Basi ndiyo maana wamebaki peke yao," akasema.

Tulibishana mchana kutwa. Yeye anasema faini ya elfu mbili haimtishi mtu aliyesogeza mpaka wa kiwanja cha mamilioni, na kwamba karibu na mji, pale jirani yako leo kesho ameuza akahama, aibu haina wa kumpata. Hapo ana hoja, na sijapata jibu lake. Laxton aibu inafanya kazi kwa sababu watu hawahami. Mimi nasema mashambani, ambako watu bado wanazikana, ijaribiwe kabla hatujaongeza zege. Tulifikia kukubaliana vijiji viwili, kimoja kwa namna yake na kingine kwa namna yangu. Mwenyekiti wa kijiji changu ameshaniuliza kama siku yenyewe inaweza kuwa baada ya mavuno, mbuzi wanapokuwa wamenenepa.